Mpangaji kanijazia zege kwenye vyoo usiku wa kuhama. Wenye nyumba tunajikinga vipi?

Baba Pacha wa Goba (mwanzisha uzi)

Wakuu, mnaostahili shikamooni, wengine mambo vipi.

Nina kiwanja Goba, Dar, nimejenga nyumba mbili ndogo zilizobebana, kila upande vyumba viwili kimoja masta (chenye choo ndani), sebule, jiko na choo cha wageni. Mimi si tajiri, ni mkopo wa kazini na miaka sita ya kujinyima. Upande mmoja alikaa mpangaji miaka miwili na nusu, kodi 250,000 kwa mwezi, analipa miezi sita sita, hana makuu. Mwezi wa nne nikampa notisi. Mwisho wa mwezi wa tano akahama usiku, ufunguo akauacha kwa dada wa genge.

Asubuhi naingia, nyumba imefagiwa. Nasema kweli, imefagiwa na kupigwa deki. Nikajisemea huyu bwana muungwana. Nikaingia choo cha masta, nikavuta maji. Maji yakapanda. Yakafika ukingoni yakatulia, yananiangalia nami nayaangalia.

Fundi bomba kaja na waya wake wa kuzibulia. Waya haukwami kama unavyokwama kwenye uchafu, unagonga. Ko, ko, ko, kama kuna mtu upande wa pili. Tukang'oa sinki, tukavunja taili sita (toleo lenyewe limeshaisha madukani, nitatafuta za kufananisha), tukachimba mpaka kwenye kona ya bomba la inchi nne. Alipolikata na kulipasua kikatoka kipande cha zege kimejaa bomba zima, kimejipinda palepale bomba lilipojipinda, laini kama mhogo uliomenywa. Kinazidi kilo tano. Tambara la deki limegandia ndani, ncha yake inachungulia. Choo cha wageni habari ni hiyo hiyo.

Na saruji ni yangu! Niliacha nusu mfuko stoo, nasubiri kurekebisha ngazi ya mbele.

Jikoni na sebuleni soketi zote zipo ukutani, umeme hakuna. Fundi umeme kafungua moja: nyaya zimevutwa zote kutoka kwenye mabomba ya ukutani, kimeachwa kipande cha kidole kimoja nyuma ya kila soketi ili kwa nje usijue.

Mpaka leo nimetoa 780,000, taili bado. Kodi hadaiwi hata mia. Dhamana sikuwahi kumtoza, nilidhani kodi ya miezi sita mbele ndiyo kinga yenyewe. Wengine wananiambia niende polisi, wengine kata, wengine nisamehe. Na huyu anayekuja, nimfungeje mikono tangu siku ya kwanza? Nawasilisha.

---

kikombe_cha_pili

Siti ya mbele nimeshakalia. Picha muhimu mkuu, mhogo wa zege sijawahi kuuona.

---

Chuma cha Pua

Mtafute anapokaa sasa hivi, na yeye kamjazie. Dawa ya moto ni moto.

---

Bi Mkubwa wa Buguruni

We Chuma, huko anakokaa sasa kuna mwenye nyumba mwingine, amemkosea nini?

Pole sana mwanangu. Mimi nina vyumba tisa Buguruni, marehemu mume wangu aliniachia, na choo ni kimoja cha uani. Hakuna aliyewahi kukiziba, maana ataziba na cha jirani zake, watamtoa macho. Nyie wa choo ndani mna raha zenu na mitihani yenu.

Nilichokiona miaka yote hii: mtu aliye ndani ya nyumba hakuharibii. Atachakaza, watoto watachora kuta, mlango utalegea, hayo ni ya kawaida, nyumba inakaliwa. Anayekuharibia ni mtu ambaye tayari moyo wake umeshahama na mwili bado uko kwako. Zile siku tatu nne za mwisho. Kwa hiyo mimi nikishamwambia mtu anipishe, hapo ndipo naanza kwenda kila baada ya siku mbili. Siendi kukagua, naenda kusalimia. Nabeba hata fungu la mchicha. Nauliza mmepata wapi, mbali na shule ya mtoto? Macho yangu yako kwenye dari.

Na siku ya kuhama niko pale na kiti changu tangu alfajiri. Usiku hahami mtu kwangu, mjumbe anajua na wenye guta wananijua.

---

Fundi Maji Kimara

Nimefanya hii kazi miaka 17. Zege kwenye choo nimetoa mara tatu, matambara na pampasi sina hesabu. Wakuu wengi mnajenga choo bomba linakwenda moja kwa moja mpaka shimoni, halafu mnamwaga jamvi na taili juu. Likiziba, njia ni nyundo tu.

Kila choo kiwe na chemba yake (kishimo cha kukagulia bomba) nje ya ukuta, karibu, yenye mfuniko unaofunguka. Na pale bomba linapopinda weka mdomo wa kuzibulia wenye kifuniko cha kuzungusha. Mtu akimwaga zege utajua limeishia wapi na utavunja nusu mita badala ya chumba kizima. Gharama ya chemba wakati wa kujenga ni matofali machache na mfuniko. Baada ya kujenga, mwanzisha uzi ameshatuambia.

Kipimo cha kukabidhiana nyumba: ndoo mbili za lita ishirini kila choo, mwagia kwa mkupuo, mtu mmoja akae kwenye chemba anaangalia. Maji yaje kwa kasi na kwa wingi uleule. Yakija kama mkojo wa mtoto, usipokee ufunguo. Hilo la kuvuta flashi moja halikwambii kitu, bomba lililoziba robo tatu linapitisha flashi moja vizuri tu.

Na kuna mtu atakushauri asidi. Achana naye. Zege lililojaa bomba zima asidi inalilamba juu juu, moshi wake unakuumiza mapafu, na kinachofika shimoni kinaua vijidudu vinavyooza uchafu. Shimo litajaa kabla ya wakati wake.

---

Mpangaji Sugu

Mimi nimepanga tangu nimemaliza chuo, nimehama nyumba saba. Naomba niseme kitu msinipige mawe.

Mtu kafagia. Kapiga deki. Halafu kakaa usiku kucha anakoroga zege na kuvuta nyaya soketi moja baada ya nyingine, na kurudishia skrubu. Huyo si mhuni wa kawaida. Huyo ni mtu aliyekuwa na hesabu yake kichwani. Baba Pacha, kuna kitu umekiruka hapo kati ya mwezi wa nne na wa tano. Notisi uliitoaje?

---

kikombe_cha_pili

Mkuu Sugu kauliza swali la mtihani. Nimeongeza maji kwenye birika.

---

Baba Pacha wa Goba

Sawa. Naandika yote.

Nilimwambia mdogo wangu anahamia kutoka Mwanza. Haikuwa kweli. Dalali aliniletea habari kwamba upande ule, kwa jinsi barabara ilivyofika, unakwenda 350,000. Yule bwana ningemwambia aongeze angeweza hata kuongeza, sijui, sikumuuliza. Nilimtumia ujumbe wa simu.

Kisha dalali akaanza kuleta wateja wakati wenyewe bado wamo. Jumapili moja kawapeleka watu watatu saa saba mchana, familia iko mezani inakula. Wameingia mpaka chumbani. Mke wake alinipigia simu, nikamwambia nitaongea na dalali. Sikuongea naye.

Na kuna suala la tanki. Maji yalikuwa ya mgawo, akaniomba ajenge stendi ya tanki na kununua pampu, nikamwambia kwa mdomo jenga tutakatana kwenye kodi. Hatukukatana. Alipokaribia kuondoka alidai gharama za stendi, nikamjibu alijenga kwa raha zake. Alidai pia kodi ya jengo, ile 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), kwamba miezi thelathini kanilipia 45,000 yangu. Hapo nilicheka.

Bado sioni kama hayo yanampa mtu haki ya kumwaga zege.

---

Mpangaji Sugu

Hayampi. Lakini nadhani sasa tunajadili nyumba ileile.

---

Bi Mkubwa wa Buguruni

Watu wako mezani wanakula, mwanangu?

---

Mwanasheria Asiye na Suti

Tuchukue upande wa sheria kidogo, maana humu watu wanapotoshana. Siandiki kama wakili wa mtu.

Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai, kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka saba. Kwa hiyo ndiyo, nenda kituoni, chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), hata kama hutaki afungwe, kwa sababu RB yenye tarehe ya karibu na tukio ni kumbukumbu isiyobishiwa kirahisi. Shida ya jinai ni kiwango cha ushahidi: lazima ionekane bila shaka ya maana kwamba ni yeye. Na hapa umejiumiza mwenyewe. Ufunguo ulilala kwa dada wa genge. Wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu: kati ya saa aliyohama na saa uliyoingia, nani mwingine angeweza kuingia? Ndiyo maana makabidhiano ya uso kwa uso, na karatasi ya kusaini, si urasimu.

Njia ya madai ni nyepesi zaidi. Hapo unatakiwa kuonyesha tu kwamba yaelekea zaidi ni yeye kuliko si yeye, na kwamba mkataba ulimtaka arudishe nyumba ilivyokuwa. Mkataba upo? Umelipiwa ushuru wa stempu? Mkataba wa pango hulipiwa 1% ya kodi ya mwaka, kwako ni 30,000 kwa mwaka. Watu wanaikwepa, halafu siku ya kesi hati inakataliwa kupokelewa kama ushahidi mpaka ilipiwe na faini juu yake. Kwa elfu thelathini.

Pa kuanzia ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 halitoi tena hukumu kwenye migogoro hii, kazi yake ni kusuluhisha, na lina siku 30. Likishindwa ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi wanalidharau baraza la kata siku hizi eti halina meno. Kwa kesi kama yako, ambapo kila mtu ana dai kwa mwenzake, mimi ningelipenda kuliko mahakama.

Na hiyo kodi ya jengo, mkuu, usicheke. Ni deni la mwenye nyumba. Inakatwa kwenye mita kwa urahisi wa ukusanyaji, haijawa ya mpangaji kwa sababu ndiye anayenunua umeme.

Wanaofikiria kumfungia mpangaji kufuli, kung'oa bati au kuita vijana wamtolee vyombo: ukifanya hivyo mshtakiwa unakuwa wewe. Kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Tena hakuna kinachomkaribisha mtu kukuharibia zaidi ya kufuli lako mlangoni na yeye yuko ndani.

---

Njoro wa Roysambu

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi huko Bongo mnashangaza, mnachukua kodi ya miezi sita lakini hamchukui dipoziti. Kodi ya mbele ni ya kukaa. Akishakaa imeisha, huna kitu mkononi siku anayotoka. Sisi hapa ni kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, pengine na ya maji.

Lakini msidhani tumemaliza mambo. Mpangaji akijua anatoka, mwezi wa mwisho halipi. Anakwambia "tumia dipoziti." Kwa hivyo siku anayofunga virago dipoziti imeliwa, na wewe uko pale pale alipo Baba Pacha.

Na mnajua kwa nini wanafanya hivyo? Kwa sababu sisi wenye ploti tumewazoesha. Mtu anatoka, nyumba iko safi, unamwambia rangi ni elfu nane, kufuli elfu mbili, eti sinki lina ufa. Kila mtu anakatwa. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe miaka minne nikiona ni ujanja. Mpangaji akishaamini hiyo pesa hairudi, haina kazi tena ya kumzuia kukuvunjia kitu. Anaona ameshalipia kuvunja.

Siku hizi narudisha. Rangi ya kawaida najilipia, hiyo ni gharama yangu ya biashara. Na wanaohama huambia wanaoingia kwamba "hapa unarudishiwa." Tangu nianze hivyo hawa wa "tumia dipoziti" wamepungua sana, na sijatangaza popote.

---

Chuma cha Pua

Njoro umekiri hadharani 😂 Ila hoja nimeielewa.

---

dada_wa_midlands

Niko Leicester nimepanga, na nina nyumba Kigamboni ambayo mdogo wangu ananisimamia, kwa hiyo niko pande zote mbili za huu uzi.

Huku England mwenye nyumba hakai na dhamana anavyotaka. Tangu Aprili 2007 lazima aiweke kwenye mfuko uliothibitishwa, siku hizi ndani ya siku 30, asipofanya mahakama inaweza kumwamuru alipe mara moja mpaka mara tatu ya dhamana yenyewe. Na tangu Juni 2019 haruhusiwi kuchukua zaidi ya kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida. Mkibishana, mfuko una msuluhishi wake, bure, na anayetakiwa kuthibitisha uharibifu ni mwenye nyumba. Picha za siku ya kuingia hana? Pesa inarudi kwa mpangaji. Uchakavu wa kawaida haulipwi, zulia la miaka minane halidaiwi bei ya zulia jipya.

Mwanzo niliona wanawaonea wenye nyumba. Halafu nikagundua naishi kwenye nyumba ya mtu kwa adabu kuliko nilivyowahi kuishi Sinza, kwa sababu pesa yangu iko mahali naiona.

Kigamboni mfuko wa namna hiyo hatuna, nikatengeneza wa kienyeji. Dhamana ni kodi ya mwezi mmoja, iko kwenye akaunti ya pembeni, siigusi hata nikibanwa. Siku ya kuingia mdogo wangu na mpangaji wanapiga video moja isiyokatwa. Wanaanzia kwenye mita, inasomeka namba na yuniti zilizobaki. Kila bomba linafunguliwa. Kila soketi inachomekwa chaja ya simu mpaka ile alama ya kuchaji iwake. Dari inaangaliwa kona zote nne. Mpangaji anaongea ndani ya video: "huu ufa nimeukuta." Video inatumwa WhatsApp kwa wote watatu, basi, imeshajiwekea tarehe. Mara ya kwanza mpangaji aliona kama namtuhumu. Nikamwambia inamlinda yeye kuliko mimi, ule ufa siwezi tena kumdai.

Siku ya kutoka ndiyo naipenda. Mdogo wangu anakwenda na pesa taslimu mfukoni, na mpangaji anajua hivyo tangu wiki mbili kabla. Wanazunguka na ile video ya zamani mkononi. Mwisho wa mzunguko pesa inatoka, ufunguo unaingia, mlangoni hapo hapo. Mtu anayejua saa nne asubuhi atashika laki tatu haamki saa nane usiku kukoroga saruji.

---

Fundi Maji Kimara

Hiyo ya chaja kwenye kila soketi naiba.

---

Mlinzi wa Senti

Nafanya kazi za bima, niseme kwa ufupi. Wengi mkikatia nyumba bima mnakata ya moto, na uharibifu wa makusudi huwa ni nyongeza ya kuulizia. Na hata ukiongeza, soma maneno madogo: mara nyingi wanatoa madhara yaliyofanywa na mtu aliyekuwemo ndani kwa ruhusa yako. Mpangaji ni mtu aliyemo kwa ruhusa yako. Uliza hilo swali kabla hujalipa, na jibu likupate kwa maandishi.

---

Baba Pacha wa Goba

Nimesoma yote mara mbili. Leo nimechukua RB, kesho naenda kata. Mhogo nimeuweka kwenye kiroba. Mke wangu naye kasoma uzi, kaninunia kwa ile habari ya Jumapili, hakuwa anaijua.

Swali kwa Mwanasheria: mkataba wangu ni ule wa kununua stesheneri, kurasa mbili za kujaza nafasi. Hauna neno "dhamana" wala "uharibifu". Wa mpangaji mpya niandike nini?

---

Mwanasheria Asiye na Suti

Usiandike kitabu. Mikataba mirefu hakuna anayeisoma. Andika kiasi cha dhamana, na kwamba si kodi ya mwezi wa mwisho. Hilo litaje kwa maneno hayohayo, Njoro ameeleza kwa nini. Andika inarudishwa lini, ikiwezekana siku ya makabidhiano. Andika kwamba makabidhiano ni mchana, pande zote mkiwepo, na kwamba orodha au video ya siku ya kuingia ni sehemu ya mkataba. Andika mpangaji akitaka kuongeza kitu kwenye nyumba, stendi, grili, hita, mnakubaliana kwa maandishi nani analipia na akiondoka kinakuwa cha nani. Andika kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU inarudishwaje. Andika unaruhusiwa kuingia kukagua kwa taarifa ya siku ngapi, na wateja wapya wanaletwa kwa utaratibu gani. Shahidi wa kila upande, serikali ya mtaa wagonge muhuri, lipia stempu.

Mengine yote uliyoyaona kwenye mikataba ya kuiga mtandaoni, yale ya "mpangaji atawajibika kwa hasara yoyote ya aina yoyote ile", yanamtisha mtu mwema na hayamzuii mbaya.

---

Mpangaji Sugu

Naongeza la upande wetu: mpe mtu muda wa kutafuta nyumba. Kutafuta nyumba Dar ni kumlipa dalali mwezi mzima, kodi ya miezi sita, na usafiri wa vyombo, kwa mkupuo mmoja. Ukimwambia leo aondoke mwisho wa mwezi unamwingiza kwenye madeni. Mwenye nyumba wangu wa Tabata alinipa miezi mitatu na mwezi wa mwisho akanisamehe kodi. Nilimwachia pazia na balbu zote.

---

Bi Mkubwa wa Buguruni

Na saruji msiache stoo. Wala chokaa, wala petroli ya jenereta, wala nyundo. Vifaa vyako kaa navyo kwako.

---

Baba Pacha wa Goba

MREJESHO

Wakuu, siku ya 24 leo tangu niende kata. Nilipeleka wito kwa namba yake, sikutegemea angekuja. Alikuja, na mke wake.

Niliutoa mhogo kwenye kiroba nikauweka mezani. Mwenyekiti akauliza hii nini, nikaeleza. Akamuuliza yule bwana, unaifahamu? Akauangalia muda mrefu, akaangalia lile tambara linalochungulia, hakusema ndiyo wala hapana. Mke wake ndiye aliyeinamisha kichwa. Mimi nikaulizwa kuhusu stendi ya tanki. Nikasema niliahidi. Nikaulizwa kuhusu ile Jumapili, kumbe mama yule alishaieleza kabla sijafika. Nikaomba radhi, kwa mke wake zaidi.

Hesabu tuliyofika: hasara yangu pamoja na taili ni 900,000. Tukatoa stendi na ufundi wake 310,000, tukatoa kodi ya jengo 45,000. Imebaki 545,000, anailipa kwa miezi mitano, 109,000 kila mwezi. Alichosema ni "nitalipa ili yaishe." Hajakiri, wala sikumlazimisha, karatasi kasaini. Ya kwanza imeingia juzi kwenye simu. Mwanasheria, nitaifuatilia ile ya polisi au niiache?

Mpangaji mpya ni nesi, na nimempa kwa 300,000, si 350,000, maana taili hazifanani na nisingeweza kumwangalia usoni. Dhamana mwezi mmoja, akaunti ya pembeni. Chemba mbili zimejengwa, Fundi Maji alikuja mwenyewe kuzijenga, asante sana. Tulipofika chooni kabla sijafungua mdomo dada akaniuliza, "Una ndoo?"

---

Mwanasheria Asiye na Suti

Mpe nafasi alipe kwanza. RB haiozi, na karatasi ya kata yenye saini yake ni nzito kuliko ulivyokuwa navyo mwanzo. Akikwama awamu mbili mfululizo, rudi hapa tuzungumze.

---

kikombe_cha_pili

Uzi umeiva. Mkuu, mhogo wenyewe bado unao? Picha hukuleta mpaka leo.

---

Baba Pacha wa Goba

Upo. Nimeegeshea mlango wa stoo, ulikuwa unajifunga na upepo. Picha nitaleta kukikucha.